Uendeshaji Salama wa Pikipiki: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waombaji Wapya wa Leseni

Haya ni maswali ambayo wanafunzi wa pikipiki huyarudia darasani, uwanjani, na usiku wa kuamkia mtihani. Majibu yanahusu chombo chenyewe na barabara yenyewe. Ada, umri unaoruhusiwa na madaraja ya leseni hutofautiana nchi na nchi, kwa hiyo ulizia kwa mamlaka inayotoa leseni yako. Kama muda wako ni mfupi, anza na maswali ya 7, 11 na 13. Hayo ndiyo yanayookoa watu wengi zaidi.

## Kabla ya kupanda

1. Baiskeli nimeendesha tangu utotoni na gari nalijua. Bado nahitaji kufundishwa pikipiki?

Ndiyo. Baiskeli imekupa mizani na gari limekupa sheria za barabarani, na huo ni mtaji mzuri. Lakini baiskeli haikukufundisha kugawa nguvu ya breki mbili kwenye chombo chenye uzito wa kilo mia na zaidi. Gari nalo limekuzoesha kwamba kosa dogo linaishia kwenye bampa. Kwenye pikipiki, bampa ni goti lako.

Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali 900 za pikipiki walizozichunguza palepale zilipotokea, katika eneo la Los Angeles. Asilimia 92 ya waendeshaji waliopata ajali walikuwa wamejifunza wenyewe au wamefundishwa na ndugu na marafiki. Jambo jingine walilogundua ningependa kila mwanafunzi alijue: zaidi ya nusu ya waendeshaji hao walikuwa na chini ya miezi 5 juu ya pikipiki ileile waliyoanguka nayo, ingawa kwa wastani walikuwa wameshaendesha barabarani karibu miaka 3. Maana yake, ukibadilisha pikipiki unakuwa mgeni tena, hata kama leseni yako ni ya zamani. Ipe pikipiki ngeni wiki kadhaa za mwendo wa adabu.

2. Nianze na pikipiki ya ukubwa gani?

Ile ambayo ukiikalia unakanyaga chini vizuri kwa miguu yote miwili, na ikilala unaweza kuiinua mwenyewe. Kwa wengi hiyo ni pikipiki ya cc 100 hadi 150. Usinunue kubwa kwa hoja ya kwamba utaizoea mbele ya safari.

3. Nitajuaje kwamba kofia ngumu ni nzuri na inanitosha?

Kwanza tafuta alama ya kiwango cha ubora. Zinazofahamika zaidi ni ECE 22.05 au 22.06, DOT na Snell, au alama ya shirika la viwango la nchi yako. Alama hizo nazo hughushiwa, kwa hiyo angalia na ndani. Kofia ya kweli ina tabaka nene la povu gumu kati ya ganda na kitambaa. Povu hilo ndilo linalofanya kazi: linapondeka badala ya ubongo. Kofia yenye ganda na sponji laini peke yake ni pambo.

Kisha ivae na ufunge mkanda. Ikamate kwa mikono uizungushe kushoto na kulia. Ngozi ya mashavu na paji la uso inapaswa kusogea pamoja nayo. Ishike nyuma, chini, uisukume kwenda mbele kana kwamba unataka kuivua. Ikitoka mkanda ukiwa umefungwa, si yako. Mkanda ubane kiasi cha kupitisha kidole kimoja au viwili tu chini ya kidevu. Ivae dakika kumi dukani. Ikikuuma sehemu moja ya kichwa, jaribu nyingine. Inayofunika uso mzima ni bora kuliko iliyo wazi, kwa sababu kidevu na taya hupiga chini mara nyingi kuliko watu wanavyodhani.

Kofia hizi zina historia inayogusa moyo. Mwaka 1935 T. E. Lawrence, ofisa wa zamani wa jeshi la Uingereza, alianguka na pikipiki bila kofia na kufariki siku 6 baadaye. Mmoja wa madaktari waliomhudumia alikuwa Hugh Cairns, mpasuaji wa ubongo. Kifo kile hakikumtoka moyoni. Akaanza kufuatilia vifo vya waendesha pikipiki wa jeshi, na mwaka 1941 akachapisha uchunguzi uliosaidia kuwavisha kofia. Tangu hapo ushahidi umezidi kuongezeka: mapitio ya tafiti nyingi yaliyotolewa na mtandao wa Cochrane mwaka 2008 yalionyesha kwamba kofia hupunguza hatari ya kufa kwa takriban asilimia 42 na ya kuumia kichwa kwa takriban asilimia 69.

4. Nguo je? Joto likizidi naweza kuvaa kandambili na kaptula?

Hapana. Lami hula ngozi kwa sekunde. Vaa viatu vinavyofunika kifundo cha mguu, suruali nzito, koti la mikono mirefu na glavu. Ukilazimika kuchagua kimoja baada ya kofia, chagua glavu, kwa sababu kila anayeanguka hutanguliza viganja. Kamba za viatu zichomekwe ndani. Kanga, shali na mikanda ya mkoba visining'inie karibu na cheni wala gurudumu la nyuma.

5. Nikague nini kila siku kabla ya kuondoka?

Dakika tatu zinatosha. Anza na matairi: upepo (pima yakiwa ya baridi), nyufa, misumari, na meno yasiwe yamefikia alama za kikomo zilizomo kwenye mifereji yake. Tairi kipara halitoi maji pembeni, linapanda juu yake. Bonyeza breki zote mbili; mkono wa breki usifike kwenye usukani. Angalia cheni kwa kuipandisha na kuishusha katikati: pikipiki nyingi ndogo hutaka ichezecheze milimita 20 hadi 30, lakini kitabu cha pikipiki yako ndicho chenye neno la mwisho. Ikikaza sana inakatika au kuharibu beringi, ikilegea sana inaruka na inaweza kufunga gurudumu la nyuma. Malizia na taa zote, indiketa, taa ya breki kwa breki ya mkono na ya mguu, honi, vioo, na oili.

Taa ya breki ndiyo inayosahaulika kuliko vyote, kwa kuwa mwenyewe huioni. Isogeze pikipiki karibu na ukuta jioni, nyuma ikielekea ukutani, ubonyeze breki, uone wekundu ukutani.

## Kuimudu pikipiki

6. Kwa nini injini inanizimia kila ninapoondoka?

Unaachia klachi yote kwa mara moja. Klachi ina sehemu inapoanza kushika, ambapo pikipiki inajivuta kidogo na sauti ya injini inashuka. Itafute sehemu hiyo bila kuongeza mafuta mengi, uishikilie hapo sekunde moja au mbili pikipiki ianze kutembea, ndipo umalizie kuachia. Tumia nusu saa nzima kwenye zoezi hili peke yake, mahali tambarare. Ndilo msingi wa swali la 10.

7. Nimeambiwa nisiguse breki ya mbele kwa sababu itanirusha. Ni kweli?

Si kweli, na imani hii imeua watu. Ukianza kufunga breki, uzito wa pikipiki na wako unahamia mbele. Tairi la mbele linakandamizwa chini na kushika zaidi, la nyuma linakuwa jepesi. Ndiyo maana kwenye lami kavu breki ya mbele hutoa karibu asilimia 70 ya nguvu ya kusimama, pengine zaidi. Anayetumia ya nyuma peke yake anasafiri mbali mno kabla ya kusimama, na mara nyingi gurudumu linajifunga, linaburuza na kuyumba.

Kinachorusha watu ni kuikwapua. Ukiikaba ghafla, gurudumu linajifunga kabla uzito haujafika mbele. Ifinye kama anayekamua sponji: anza kwa upole, uzito uhame, kisha zidisha nguvu kwa haraka. Breki ya mguu iende nayo, kwa wepesi zaidi. Macho mbele, mikono imenyooka kiasi, magoti yamebana tangi, na klachi uivute mwishoni ili usizime.

Gurudumu la mbele likijifunga utasikia usukani unalegea ghafla: achia mara moja, kisha finya tena kwa upole. La nyuma likijifunga ukiwa umenyooka, legeza mguu. Kama pikipiki imeshapinda upande huku la nyuma linaburuza, usiachie ghafla, kwa sababu tairi likishika tena kwa mkupuo linaweza kukurusha juu ya pikipiki. Bana tangi, angalia mbele, iache ipunguze mwendo.

Fanya zoezi hili kila mwezi mahali penye nafasi, hata ukishapata leseni. Siku ya hatari mkono utafanya ulichouzoesha.

8. Pikipiki yangu ina ABS. Bado nijali hayo yote?

Jali. ABS huzuia magurudumu kujifunga, na ni msaada mkubwa hasa kwenye lami yenye maji. Haikupunguzii mwendo, haikuongezei nafasi, na ukiwa umelala kwenye kona mifumo mingi ya kawaida haiwezi kukuokoa. Ukisikia mkono wa breki unatetema, ABS inafanya kazi, endelea kufinya.

9. Naogopa kona. Nikifika natanuka hadi upande wa wanaokuja. Nakosea wapi?

Karibu kila mara kosa limefanyika kabla ya kona. Mwendo hupunguzwa ukiwa bado umenyooka. Ingia ukiwa na mwendo ambao ungeweza kuongeza kidogo, gia imeshabadilishwa, breki umeachia. Ndani ya kona shikilia mafuta kidogo yasiyobadilika, uongeze pole pole unapoanza kuona mwisho wake.

La pili ni macho. Pikipiki hufuata uso wako. Ukilikodolea macho shimo, utaliingia. Ukiliangalia lori linalokuja, utalifuata. Geuza kichwa chote, si mboni peke yake, utazame kule unakotaka kutokea.

La tatu huwashangaza wengi. Ukiwa juu ya kilomita 20 hivi kwa saa, pikipiki haigeuzwi kwa kuzungusha usukani kuelekea kona. Unasukuma mkono wa upande unaokwenda. Kwenda kulia, sukuma mkono wa kulia mbele: gurudumu linapinda kidogo sana kushoto, pikipiki inalala kulia, nawe unakwenda kulia. Umekuwa ukifanya hivyo bila kujua tangu enzi za baiskeli. Kulijua kuna faida siku ya kukwepa kitu ghafla, kwani msukumo mmoja imara huigeuza pikipiki haraka kuliko kuhamisha mwili.

Ukigundua umeingia na mwendo mkubwa, usikabe breki. Tazama mbali zaidi ndani ya kona na usukume zaidi. Pikipiki nyingi zinaweza kulala kuliko anavyothubutu mwanafunzi, na wengi wanaotoka nje ya kona hutoka kwa kukata tamaa mapema. Kama lazima ufunge breki kwa nguvu, inyooshe pikipiki kwanza, ikiwa nafasi ipo.

10. Mbona mwendo wa pole pole ni mgumu kuliko wa kasi?

Kwa sababu kwenye kasi magurudumu yenyewe husaidia kuituliza pikipiki, kwenye pole pole kazi hiyo ni yako. Shikilia klachi pale inapoanza kushika, mafuta kidogo yasiyocheza, na breki ya mguu ikivuta kwa wepesi. Usitumie breki ya mbele usukani ukiwa umepinda: ndivyo pikipiki nyingi zinavyolala uwanjani. Kwenye namba nane na kati ya koni, tazama koni ya tatu mbele, si ile iliyo kwenye gurudumu.

## Barabarani

11. Niache nafasi gani kati yangu na gari lililo mbele?

Hesabu kwa muda, si kwa mita. Gari la mbele likipita nguzo au alama fulani, anza kuhesabu; wewe usiifikie kabla ya sekunde 2 kamili. Hiyo ni kwa lami kavu, mchana, ukiwa peke yako na tairi nzima. Mvua ikinyesha, zidisha mara mbili. Ukiwa na abiria au nyuma ya lori linalokuzibia, ongeza pia.

Sababu iko kwenye hesabu. Kwa kilomita 50 kwa saa unasafiri karibu mita 14 kila sekunde. Ukichukua sekunde moja kushtuka na kufikia breki, umeshakwenda mita 14 bila kupunguza chochote. Breki nzuri kwenye lami kavu itakula takriban mita nyingine 14. Jumla 28. Kwa kilomita 100 kwa saa watu hudhani itakuwa mara mbili. Kushtuka kunakula mita 28, na breki pekee zinataka takriban 55, kwa kuwa umbali wa breki hukua mara nne mwendo unapokua mara mbili. Jumla mita 83. Ndiyo maana vidole viwili juu ya breki unapokaribia mahali pa wasiwasi ni mali: vinakupunguzia sehemu ya ile sekunde ya kwanza.

Na anayekuganda nyuma? Mpishe. Kabla hajapata nafasi, ongeza nafasi yako ya mbele, ili ukisimama usimame pole pole naye apate muda.

12. Nikae sehemu gani ya njia yangu?

Sehemu unayoonekana na unayoona. Usijibanze ukingoni kabisa: huko ndiko kwenye mchanga, mashimo na milango ya magari yaliyoegeshwa, na pia unawashawishi wenye magari wakupite ndani ya njia yako. Katikati kabisa mara nyingi kuna matone ya oili, hasa karibu na taa za kuongozea magari na penye foleni. Pita alipopita tairi la gari, na uhame kulingana na hatari: gari likichungulia kutoka upande mmoja, sogea upande wa pili wa njia yako.

13. Kwa nini wenye magari wananiingilia wakati nina haki ya kupita?

Kwa sababu hawakukuona, au walikuona wakakosea kukadiria. Ripoti ya Hurt (swali la 1) ilikuta kwamba katika ajali zilizohusisha gari na pikipiki, karibu theluthi mbili zilisababishwa na mwenye gari kumnyima mwendesha pikipiki haki yake ya kupita, na sura ya kawaida ilikuwa gari linalokata kona mbele ya pikipiki inayokuja moja kwa moja.

Ninawaomba wanafunzi waielewe sababu badala ya kuishia kuwalaumu madereva. Pikipiki ni nyembamba. Ikija usoni mwako haikui haraka machoni, kwa hiyo ubongo unaiona iko mbali na inakwenda taratibu. Nguzo ya kioo cha mbele cha gari inaweza kuificha pikipiki nzima, na kama wewe na gari mnakaribia makutano kwa mwendo unaolingana, unaweza kubaki nyuma ya nguzo ile hadi mwisho. Tena dereva anatafuta magari, na jicho huona linachokitafuta.

Basi fanya hivi. Washa taa ya mbele mchana pia. Vaa rangi inayong'aa kifuani na mgongoni. Unapokaribia makutano, sogea kidogo kushoto na kulia ndani ya njia yako. Kitu kinachocheza huvuta jicho. Punguza mafuta, vidole juu ya breki. Usitegemee kwamba mmetazamana, maana mtu anaweza kukutazama na asikuone. Tazama gurudumu la mbele la gari lake, kwa kuwa hilo huanza kuzunguka kabla bodi haijaonekana kusogea. Na jiulize kila mara: akitoka sasa hivi, nitakwenda wapi? Kama huna jibu, mwendo wako ni mkubwa kwa mahali pale.

14. Ni lini ni salama kulipita gari?

Unapoona barabara tupu ya kutosha kwenda na kurudi, na hakuna kona, kilele cha mlima, makutano wala kivuko mbele. Kaa nyuma kiasi cha kuona mbele ya gari, si kulibusu. Kioo, indiketa, geuza shingo uangalie begani, ndipo uhame. Pita kwa uamuzi, rudi ukiliona gari lote kwenye kioo chako.

Kumbuka mahali asipokuona. Kama huoni uso wa dereva kwenye kioo chake cha pembeni, naye hakuoni. Kwa malori na mabasi eneo hilo ni kubwa, na upande wa ndani wanapokata kona ndio kaburi la wengi. Usijipenyeze hapo hata kama nafasi inaonekana imekaa kukungoja.

Kupita katikati ya safu za magari yaliyo kwenye foleni kunaruhusiwa nchi nyingine na kunakatazwa nyingine. Jua sheria ya kwako. Panaporuhusiwa, nenda kwa mwendo wa karibu na wa mtembea kwa miguu, ukitarajia mlango kufunguliwa.

## Hali ngumu

15. Mvua imeanza. Naweza kuendelea?

Dakika za mwanzo ndizo mbaya zaidi, hasa baada ya kiangazi kirefu. Maji yanainua oili na vumbi vilivyokuwa vimekaa kwenye lami. Ukiweza, jikinge kwanza mvua ioshe barabara. Ukiendelea: kila kitu kifanywe kwa ulaini, yaani mafuta, breki, kona. Michoro ya rangi, mifuniko ya chuma na reli huteleza kama sabuni. Vivuke pikipiki ikiwa imesimama wima, na reli uikate karibu na pembe mraba. Dimbwi lisiloonekana chini lichukulie kuwa shimo.

Usijisitiri mvua chini ya daraja pembeni ya barabara ya kasi. Tafuta mahali nje ya njia ya magari.

16. Kwenye mchanga, changarawe au matope pikipiki inanicheza. Nifanyeje?

Iache icheze. Mikono ilegee, magoti yabane, macho mbali. Gia ndogo, mafuta kidogo yasiyokatika. Anayekaza usukani na kukata mafuta ghafla analizamisha gurudumu la mbele na kulala. Mwendo punguza kabla ya kuingia; ukiwa ndani, breki ya nyuma ndiyo ya kutangulia, ya mbele iguswe kwa wepesi mno. Kuinuka kidogo juu ya vikanyagio kunasaidia.

17. Usiku niendeshe kwa mwendo gani?

Ule unaokuwezesha kusimama ndani ya eneo linalomulikwa na taa yako. Ukikumbuka hesabu ya swali la 11, utaona kwamba taa inayokuonyesha mita 40 haikuruhusu mwendo wa kilomita 80 kwa saa. Gari likikumulika usoni, tazama ukingo wa barabara wa upande wako badala ya taa zake. Kioo cha kofia kiwe safi na kisiwe cheusi. Ongeza stika zinazoakisi mwanga nyuma ya kofia na kwenye koti.

18. Upepo na malori makubwa?

Jiandae unapotoka kwenye kinga, kama mwisho wa ukuta au daraja. Lori likikupita, utasukumwa kisha utavutwa. Lala kidogo upande unaotoka upepo, usibane mikono.

## Abiria na mzigo

19. Nikishapata leseni naweza kubeba mtu siku hiyohiyo?

Sheria ikiruhusu, bado nakushauri usifanye hivyo. Mtu mzima mmoja nyuma anaweza kuongeza nusu ya uzito wa pikipiki ndogo. Breki zinachelewa, usukani unakuwa mwepesi, kwenye kona inalala tofauti. Zoea miezi kadhaa peke yako. Ukianza, ongeza upepo wa matairi kama kitabu kinavyoelekeza na mpe abiria maelekezo kabla ya kuondoka: kofia imefungwa, miguu juu ya vikanyagio hata mkisimama, akushike kiunoni, na kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnaokwenda. Abiria mmoja tu.

20. Mtoto je?

Kama miguu yake haifiki kwenye vikanyagio, au hakuna kofia inayokaa kichwani pake, hapandi. Kumweka mbele juu ya tangi kunamfanya awe kati yako na chochote mtakachogonga. Sheria za umri huongezwa juu ya hapo.

21. Mzigo ukae wapi?

Chini, katikati, umefungwa pasipo kucheza. Mzito ukiwa juu na nyuma kabisa hunyanyua gurudumu la mbele, na ukitundikwa kwenye usukani huzuia kugeuza. Baada ya kilomita chache za mwanzo simama ukaze kamba.

## Mwili wako

22. Bia moja ina ubaya gani?

Pikipiki inahitaji mizani na uamuzi wa haraka, na pombe huanza na hivyo viwili. Katika ripoti ya Hurt pombe ilihusika kwenye karibu nusu ya ajali zilizoua. Kwangu kiwango ni sifuri. Dawa pia: nyingi za mafua, mzio na maumivu makali huleta usingizi. Soma karatasi yake, muulize mfamasia.

23. Nitajuaje nimechoka?

Ukigundua hukumbuki kilomita chache zilizopita, umeshachelewa. Simama kila saa moja na nusu au mbili, shuka, nyoosha mgongo, kunywa maji. Baridi na kiu hupunguza akili kama uchovu.

## Mtihani

24. Alama ni nyingi. Nizikariri vipi?

Anza na maumbo. Nchi nyingi hufuata mfumo uliowekwa na Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968: pembetatu yenye ukingo mwekundu huonya, duara lenye ukingo mwekundu hukataza, duara la buluu huamuru. Alama ya kusimama ina pembe 8, na ya kutoa njia ni pembetatu iliyopinduliwa, ili zitambulike hata zikiwa zimejaa tope au zikitazamwa kwa nyuma. Ukishika maumbo, unabaki kujifunza michoro tu.

25. Watu wengi huangukia wapi kwenye sehemu ya vitendo?

Si kwenye mambo makubwa. Wanasahau kuzima indiketa baada ya kona (kwenye pikipiki nyingi haijizimi yenyewe). Wanatazama kioo bila kugeuza shingo. Wanashusha mguu kwenye namba nane. Wanaondoka stendi ya pembeni ikiwa bado chini. Mtahini hawezi kusoma mawazo yako, basi geuza kichwa aone umeangalia. Injini ikikuzimia, tulia: funga breki, vuta klachi, washa, angalia nyuma, ondoka. Kuzima mara moja mara nyingi si mwisho wa mtihani. Kuondoka kwa pupa baada yake ndiko kunakoharibu.

## Dharura

26. Tairi likipasuka nikiwa kwenye mwendo?

Shika usukani imara, nyoosha pikipiki, kata mafuta pole pole. Breki, ukilazimika, tumia ya gurudumu zima. Toka barabarani ukishapunguza mwendo.

27. Mafuta yakikwama, pikipiki inazidi kukimbia?

Vuta klachi na ubonyeze swichi ya kuzima injini. Zoea kuifikia swichi hiyo kwa kidole gumba bila kutazama.

28. Mbwa akinikimbilia?

Punguza mwendo ukiwa mbali ili hesabu yake ya kukukatia njia iharibike, kisha ukimkaribia ongeza mwendo umpite. Usimpige teke.

29. Nimemkuta mwendesha pikipiki ameanguka. Nimvue kofia?

Kwanza linda eneo: egesha mahali panapoonekana, mweke mtu wa kuonya magari, zima injini ya pikipiki iliyolala, piga simu ya dharura. Kofia usiivue kama anapumua vizuri, kwa sababu shingo inaweza kuwa imevunjika. Fungua kioo, ongea naye, mwambie asigeuze kichwa, zuia damu inayotoka kwa kukandamiza kitambaa safi.

Kama hapumui, au anatapika na njia ya hewa imeziba, kofia itabidi itoke. Hapo mnahitajika wawili: mmoja anashika taya na kisogo kwa mikono miwili shingo isicheze, mwingine anafungua mkanda na kuitoa kofia taratibu akiitanua pembeni. Jifunze jambo hili kwenye kozi ya huduma ya kwanza kabla hujalihitaji.

30. Nimeanguka mwenyewe, nimegonga kichwa kidogo, kofia haina hata mchubuko. Naweza kuinuka niendelee na safari na kofia ileile?

Kofia iliyogonga chini ikiwa na kichwa ndani imemaliza kazi yake. Povu lililoelezwa swali la 3 hupondeka mara moja tu, na kupondeka huko hakuonekani kwa nje. Nunua nyingine. Hata isiyoanguka, ibadilishe baada ya miaka 5 hivi.

Pikipiki nayo ikague kabla ya kuiwasha: usukani umenyooka na gurudumu? Mikono ya breki na klachi haijapinda? Mafuta hayavuji? Lakini kabla ya hayo, jikague wewe. Mshtuko huficha maumivu kwa dakika nyingi, na watu wamewahi kuendesha hadi nyumbani wakiwa na mfupa uliovunjika. Ukisikia kichefuchefu, kizunguzungu, usingizi au ukikosa kukumbuka ulivyoanguka, nenda hospitali, na mtu mwingine akupeleke. Ukijiona mzima, sogea pembeni ya barabara ukae chini. Vua glavu, kunja na kunjua vidole vyote, geuza vifundo, gusa mbavu upande mmoja baada ya mwingine. Subiri robo saa, kisha rudia tena, na pikipiki iendelee kulala hapo ilipo mpaka umalize.